Muulize Daktari: Mama anaenda kushtuliwa moyo kwa umeme, tutegemee nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi naandika kutoka Tanga. Mama yangu ana miaka 61, moyo unampiga hovyo hovyo, mara unaenda mbio mara unaruka, akipanda ngazi kidogo tu hoi. Wamempima ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) wakasema vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, wakampa dawa ya kuzuia damu kuganda anywe wiki tatu ndo arudi Dar ashtuliwe moyo kwa umeme. Sasa mama kagoma, anasema umeme huo ni wa kwenye sinema wanaopigwa waliokufa, na jirani kamjaza kwamba akitoka hapo atakua chizi. Na mimi sielewi, kama ni ugonjwa wa moyo kwanini wasubiri wiki tatu nzima? — Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe mama pole nyingi, hofu yake naielewa kabisa.

Ngoja nianze na hizo wiki tatu maana ndo penye uzito kuliko umeme wenyewe. Chumba cha juu cha moyo kikitetemeka tu bila kusukuma, damu inadumaa, hasa kwenye kifuko kidogo kilicho pembeni ya chumba cha kushoto, na damu ikidumaa inaganda. Sasa fikiria bonge limekaa humo, halafu ghafla moyo unarudishwa kwenye mpigo wake na kile chumba kinaanza kusukuma kwa nguvu, bonge linachomoka linapanda kwenye ubongo, hapo ni kiharusi. Kwa hiyo madaktari hawamcheleweshi mama, wanamlinda. Tatizo likiwa limeanza ndani ya siku moja na kuna uhakika wa hilo wanaweza kufanya mapema, au wakamwingiza mpira wa eko kooni wakachungulia kile kifuko wakaona kisafi, au hali yake ikiwa mbaya sana presha imeshuka hawasubiri kitu. Lakini kwa mtu anaejiweza kama mama, wiki tatu ni za lazima na asiruke hata siku moja.

Kama dawa ni wafarini atapimwa damu, kipimo kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na wengi tunataka kiwe kati ya 2 na 3. Zile wiki tatu zinahesabika kipimo kikiwa kimetulia humo, kwa hiyo mkifika Dar kikasoma 1.5 wataahirisha, msigombane na nesi mkaona mmepoteza nauli bure, kufanya kwa namba hiyo ndo hatari. Na hapa naomba unisikilize vizuri mwanangu. Kuna dawa za duka la dawa tunazozimeza kama pipi, Septrin na Flagyl, zinapandisha nguvu ya wafarini mpaka mtu anavuja damu. Daiklofenaki ya mgongo na magoti nayo inaongeza kutoka damu tumboni. Mama asinywe chochote bila kusema "mimi natumia wafarini", na mitishamba hivyo hivyo. Mchicha na kisamvu hupunguza nguvu ya wafarini, ila asiache, ale kiasi kile kile alichozoea, shida ni wiki hii hali kabisa halafu wiki ijayo anakula kila siku. Na kama eko ilionyesha vali ya moyo imebana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, jambo tunaloliona sana huku kwetu, basi abaki kwenye wafarini hata kama mtu atamshauri vidonge vipya visivyohitaji kupima damu kila mara, kwa vali hiyo wafarini imeonekana kulinda vizuri zaidi.

Sasa siku yenyewe. Asile kitu masaa sita kabla, mara nyingi wanasema toka usiku wa manane, dawa za asubuhi anywe na maji kidogo kama ataambiwa. Asipake mafuta wala losheni kifuani maana vibandiko vya kupitishia umeme havitashika. Meno ya bandia yatolewe, cheni na hereni mbaki nazo nyie. Watampima damu kuangalia potasiamu (madini ya kwenye damu) maana ikiwa chini moyo unaweza kuleta fujo nyingine, watarudia ECG (kuna wanaokutwa moyo umeshakaa sawa wenyewe wakarudishwa nyumbani), watamwekea kanula mkononi, oksijeni puani, kibandiko kimoja kifuani na mara nyingi kingine mgongoni. Halafu anapewa nusu kaputi ya muda mfupi sana, dakika chache tu, analala.

Umeme unapita wakati amelala na ni kufumba na kufumbua. Mashine inasoma mapigo yake kwanza na inasubiri sehemu salama ya pigo ndo inaachia, huo ndo utofauti na ule wa kwenye sinema. Kawaida ni kati ya joule 120 na 200 (joule ni kipimo cha nishati ya umeme huo), mwili unashtuka kidogo, isipokubali wanaongeza wanarudia mara ya pili au ya tatu. Mama hatasikia na wengi hawakumbuki kitu, wanaamka wanauliza mtaanza saa ngapi. Kuhusu uchizi, mwambie jirani umeme unapita kifuani, hauendi kwenye akili ya mtu.

Akiamka atakua na usingizi, anakaa masaa machache wanamwangalia, wengi wanaruhusiwa siku ile ile. Ila mimi nisingempandisha basi la Tanga jioni hiyo, alale kwa ndugu Dar. Asiendeshe gari wala kusaini mambo ya mali kwa masaa 24. Kifuani anaweza kuwa na wekundu na muwasho kama ngozi iliyopigwa na jua, unaisha wenyewe.

Na sasa kosa ninaloliona likirudia rudia: mtu anatoka moyo umetulia, anajisikia mzima, anaacha dawa. Hapana! Kile chumba hata kikirudi kwenye mpigo kinakua bado kimezubaa kwa wiki kadhaa, kiharusi kinaweza kuja hapo. Wiki nne baada ya umeme dawa ya kuzuia damu kuganda ni lazima, na kama mama ana presha, kisukari au aliwahi kupata kiharusi anaweza kuambiwa aendelee maisha yote hata mpigo ukiwa sawa. Mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri, ni hospitali muda huo huo. Choo cheusi au damu isiyokata nayo msisubiri kesho.

SWALI: Daktari, mimi niko Mombasa, nilipigwa umeme mwaka jana nikapona, miezi minne baadae moyo ukarudi kuruka. Sasa naambiwa nichomwe ndani ya moyo. Je ule umeme ulifeli?

JIBU: Haukufeli kaka. Umeme unarudisha mpigo, hauondoi chanzo. Kati ya watu 10 kama 9 hutoka moyo umekaa sawa, ila ndani ya mwaka karibu nusu yao unawarudia. Kuchoma ndo kunafuata chanzo: mwaka 1998 Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche nyingi za ugonjwa huu zinatoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, kwa hiyo daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye moyo, anachoma kwa joto au anagandisha kwa baridi kali kuzunguka midomo ya mishipa hiyo. Ni masaa mawili hadi manne, unalala chali masaa kadhaa baadae ili kinena kisivuje, wengi wanalala usiku mmoja. Miezi miwili mitatu ya mwanzo moyo unaweza kuruka ruka bado, usikate tamaa. Kuna hatari, damu kuvuja kinenani, mara chache damu kujaa kuzunguka moyo. Na ukipata homa au maumivu ya kumeza ndani ya wiki chache baadae rudi kwa waliokufanyia, waambie ulichomwa moyo, usimeze Panadol ukalala. Kabla ya kukubali waulize wamefanya wangapi, bima inalipa kiasi gani, na kama una tezi ya shingo au unakoroma sana usiku waambie vishughulikiwe kwanza, maana vyote viwili vinarudisha ugonjwa huu.