Ua la boga na mchoro wa kuazima

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa 2 wa stashahada ya ualimu. Muhula huu tunajifunza kuchora zana za kufundishia kwa programu ya Inkscape, na kazi ya kwanza ilikuwa ua. Usiku ule mvua haikatiki, umeme unakwenda unarudi, nikaona nisijitese. Nilipakua ua zuri mtandaoni, nikafuta jina la mchoraji lililokuwa pembeni, nikaandika langu. Nilipata 18 kati ya 20. Juzi nikalipeleka shule ya mazoezi, darasa la 5. Mtoto mmoja akatoka nje, akarudi na ua la boga, akalipasua: "Mwalimu, hili mbona halina stameni?" Niliishiwa maneno. Mwenzangu wa bwenini anasema mimi ni mwizi, lakini sikuuza kitu, ni zana tu. Tena kompyuta ina faida gani kama tutapangiwa shule zisizo na projekta?
*Mwanachuo, Rungwe*

Marahaba, mwanangu. Wizi tutaufikia. Kwanza huyo mtoto, maana amenifurahisha kuliko barua yote.

Alikuletea ua jike. Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja: dume lina stameni, yaani vijiti vyenye chavua, jike lina pistili, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, na kiboga kidogo kimekaa chini yake. Bibi yangu kule Kilolo hakusoma hata darasa moja, lakini alipotutuma kuchuma maua ya kupika na majani ya maboga alituonya tusiguse yenye kiboga, tungekula mavuno. Mchoro wako ulikuwa na stameni na pistili pamoja, kama lilivyo ua la maharage. Si uongo. Ila si ua la nyuma ya darasa lile, nawe hukulijua, kwa sababu hukulichora. Anayechora hulazimika kuchuma, kupasua kwa wembe na kuhesabu.

Basi lirudie, na safari hii chora ua la boga. Lina petali 5 zilizoungana chini, kwa hiyo unahitaji kuchora moja tu. Ichore kwa zana ya kalamu, kisha shika zana ya kuchagua, uibofye na kuibofya tena mpaka vishale vya kuzungusha vitokee. Kile kimsalaba cha katikati kiburute hadi kwenye kitako cha petali. Bonyeza Ctrl na D upate pacha wake, fungua dirisha la kugeuza maumbo (Transform), kwenye sehemu ya kuzungusha andika nyuzi 72, ambazo ni 360 kugawanya kwa 5. Rudia mpaka ziwe tano. Wengi hukosea kwenye kile kimsalaba: wakikisahau, petali zinalaliana kama magunia. Mimi mwenyewe nilihangaika nacho jioni nzima, na nilikuwa nimeshafundisha miaka ishirini.

Projekta isikusumbue. Chapa mchoro kwenye A4 ukiwa na miraba ya sentimita 2, chora kwa penseli miraba ya sentimita 5 kwenye manila, kisha hamisha mraba kwa mraba. Na kwa kuwa Inkscape huhifadhi mistari yenyewe badala ya nukta za rangi, mchoro huohuo ukija kuukuza uenee ukuta mzima hautachakaa. Fanya hivyo chuoni, uende fildi na manila yako imekunjwa kwapani.

Sasa wizi. Mwenzako wa bwenini yuko sahihi. Kuuza au kutouza hakuna uhusiano na jina. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mchoraji haki ya kutambulika kwamba kazi ni yake. Kuutumia mchoro wa mtu darasani kungekuwa na utetezi, tena wapo wachoraji wanaotoa kazi zao kwa leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kuzitumia kwa masharti, na sharti la kwanza la leseni hizo ni hili: jina libaki. Wewe ulifuta hilohilo. (Wanaotumia akili mnemba kuchora, nao waseme. "Imechorwa na mashine, nimeikagua mimi" ni maneno machache, yanaenea chini ya picha yoyote.)

Nenda kwa mkufunzi wako kabla hajakuuliza, ukiwa na ua jipya mkononi. Hizo 18 huenda zikaondoka. Ziache.

Mwalimu, nasimamia wanachuo walio mazoezini Makambako. Wanapiga picha za watoto wakiwa na kazi zao za kuchora, dakika mbili baadaye zipo kwenye status. Niwakataze simu?
*Mkufunzi, Njombe*

Simu waachie, mwenzangu. Andalio la somo lenyewe siku hizi wanalibeba humo. Wakataze sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na mzazi aliyeko shambani hakuulizwa. Tena mara nyingi picha hizo zina sare yenye jina la shule na daftari lenye jina la mtoto. Kama mwanachuo anataka kuonyesha kazi, apige mchoro peke yake, au vidole viwili vimeushika kwenye kona.