Kama unakwenda Svalbard, zilinde saa zako

Nilifanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini mjini Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa misimu miwili ya baridi. Tangu nirudi Tanga, kila anayetaka kwenda huko huniuliza kuhusu baridi. Baridi ina dawa yake: fulana ya sufu mwilini, sweta juu yake, koti la kuzuia upepo, na viatu ambavyo vidole vinacheza ndani. Nguo za pamba ziache, zikiloa jasho zinakugandisha. Kinachomshinda mtu ni giza.

Mji uko latitudo 78 kaskazini. Jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halichomozi tena hadi katikati ya Februari. Sisi tuliolelewa na saa za Kiswahili tunataabika zaidi, maana saa yetu inafuata jua: kukipambazuka ni saa kumi na mbili, jua la utosi saa sita, Magharibi ikiingia saa kumi na mbili tena. Desemba ya huko, saa sita ya mchana na saa sita ya usiku zina rangi moja.

Siku moja niliamka mshale uko kwenye tisa. Nikavaa sare mbio mbio, nikatoka nikiamini nimechelewa zamu ya asubuhi. Kumbe ilikuwa saa tatu usiku, nimelala kwa muda wa saa mbili tu. Nilirudi chumbani nikalia.

Tangu siku ile nilijiwekea siku yangu mwenyewe. Nikiamka, nawasha taa kali na kunywa uji mbele yake. Mchana natoka nje nusu saa, giza au si giza. Simu ya mama ilikuwa kila jioni kwa saa ileile, nikimsikia jikoni kwake nami najua kwetu kumekuchwa. Sala nilizifuata kwa ratiba ya Makka, ambayo saa zake ni sawa na za Afrika Mashariki. Wewe muulize shehe wako kabla hujasafiri. Kiangazi mambo hugeuka. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua halizami, na bila mapazia mazito hulali.

Kuhusu makaratasi: kwa Mkataba wa Svalbard wa 1920, visiwa vyenyewe havidai visa. Lakini njia inapita Norwe bara, kwa hiyo utahitaji visa ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, tena ya kuingia mara mbili, maana Svalbard iko nje ya eneo hilo. Usiende bila kazi na chumba mkononi. Nyumba nyingi ni za waajiri, na asiyeweza kujikimu anaweza kuondolewa. Dada zangu, mjamzito hujifungulia bara, tena huondoka wiki kadhaa mapema. Panga mapema.

Nje ya mji usitembee peke yako. Dubu weupe wapo kweli, na sheria inataka uwe na kifaa cha kuwafukuzia; wenyeji hubeba na bunduki. Ndani ya mji utakutana na reindia, aina ya kulungu wa nchi za baridi, wafupi wa miguu, wakichimba theluji kando ya nyumba. Wapishe. Mti huuoni hata mmoja, na nilishangaa jinsi macho yanavyoumia kwa kukosa kijani. Viatu huvuliwa mlangoni, hata katika hoteli nyingi, desturi iliyoachwa na wachimba makaa ya mawe. Hilo peke yake lilinifanya nijione kwetu.

Mji umezibwa na milima, kwa hiyo hata jua likirudi Februari haliufikii. Hufika karibu na tarehe 8 Machi. Siku hiyo watu wazima kwa watoto husimama kwenye ngazi za hospitali ya zamani wakilisubiri. Miale iliponigusa usoni, nilijua ni mchana bila kutazama saa. Ukipewa mkataba wa kazi, omba usiishe kabla ya tarehe hiyo.