Utumbo uliobaki: humeng'enya au hufyonza?

Swali: Ninahariri maelezo ya wagonjwa waliokatwa sehemu ya utumbo mwembamba. Mwandishi kasema, "Utumbo uliobaki huzoea kumeng'enya virutubisho." Mwenzangu anataka "hurekebisha umetaboli wake." Tufuate ipi?

Jibu: Msifuate hata moja.

Kumeng'enya ni kuvunjavunja. Protini, wanga na mafuta humeng'enywa, lakini madini na vitamini hupita ukuta wa utumbo bila kuvunjwa. Kupita huko ndiko kufyonzwa, au kusharabiwa kwa apendaye neno la vitabuni. Anayekatwa utumbo hupoteza zaidi eneo la kufyonzea, na hapo ndipo huanza kuharisha na kukonda. Kitenzi chenu basi ni kufyonza.

Umetaboli ni hatua ya mbele zaidi: yale ambayo seli hufanya na kirutubisho zikishakipata. Mwenzako hajakosea kabisa, maana utumbo nao una umetaboli wake. Seli za ukuta wake hutumia glutamini, kijenzi kimoja cha protini, kupata nguvu na hutengeneza sitrulini, ambayo madaktari huipima katika damu ili kukadiria utumbo wenye uhai uliosalia. Hayo yaachieni makala ya wataalamu.

Kinachonisumbua zaidi ni "huzoea." Mtu huzoea baridi na umbo lake likabaki lilelile. Utumbo huu unabadilika wenyewe: unatanuka, na vijidole vidogo vya ukuta wake vinarefuka. Andikeni "kubadilika." Msiandike "kujirekebisha," kwa kuwa kunaashiria kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa na kasoro.

Halafu kuna hiyo "hu-." Ni ya mambo ya kawaida, kama jua huchomoza, na mgonjwa ataisoma kama ahadi. Kumbe matokeo yanategemea kilichokatwa. Ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, hubadilika vizuri kuliko jejunamu iliyo juu yake. Utumbo mpana ukiwapo nao husaidia: bakteria wake huchachusha wanga uliopita bila kufyonzwa, na mwili ukapata nishati kutokana na asidi za mafuta zinazotokea. Chakula chenyewe kikipita utumboni huchochea mabadiliko hayo, kwa hiyo maelezo yenu yasimfanye mgonjwa aogope kula.

Ningeandika hivi: "Sehemu ya utumbo iliyobaki inaweza kubadilika polepole, kwa mwaka mmoja hadi miwili, ikafyonza maji na virutubisho vingi kuliko ilivyoweza mara tu baada ya upasuaji."

Vitamini B12 ipeni sentensi yake, tena ya kukanusha, kwa kuwa mwisho wa ileamu ukiondolewa hakuna sehemu nyingine inayoshika kazi ya kuifyonza ipasavyo: "Ikiwa umekatwa mwisho wa ileamu, utumbo uliobaki hautaweza kufyonza vitamini B12 ya kukutosha, muulize daktari kuhusu sindano zake."