Dogo asisaini kwenda kukaa benchi

Mwambie mdogo wako asisaini. Nimeusoma uzi wako wote: kijana ana miaka 19, mita 2.03, timu kubwa ya kikapu ya nchi jirani inamtaka kwa mkataba wa misimu mitatu, na wewe unauliza kama ana uwezo wa kukua kiufundi, ale nini, avae viatu gani na chuo kitakuwaje. Kilichonipandisha damu ni maneno ya wakala uliyoyanukuu: "Mwaka wa kwanza hatacheza sana, atajifunza kwa kuwaangalia wakubwa." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi kwenye hoteli moja pale Capri Point, Mwanza, nikiwa na umri wa huyo dogo, namba nne, yaani fowadi mrefu wa karibu na ringi, ninayeanza kila mechi Mirongo, uwanja wetu wa kikapu. Nikaamini, nikasaini. Kwa kuangalia angekuwa anajifunza mtu, mashabiki wote wanaokaa pale Mirongo jioni wangekuwa wanalipwa mshahara wa kucheza.

Nikueleze benchi linavyomla kijana, maana ukiwa jukwaani huoni. Mazoezi ya timu yenye mechi kila wiki hupangwa kwa ajili ya wale watano wanaoanza na wawili watatu wanaowapokea. Wewe wa mwisho unapewa fulana ya rangi nyingine, unaigiza mchezo wa wapinzani ili wenzako wajizoeze kuukaba. Unasimama kona. Mpira ukikufikia unaurudisha kwa pointi gadi, yule anayeongoza mchezo. Ukirusha shuti ukakosa, kocha hakugombezi hata kidogo, na hapo ndipo ujue umekwisha: hana sababu ya kukurekebisha, Jumamosi huchezi. Siku ya mechi unapasha moto, unakaa, mwili unapoa, kisha zikibaki dakika mbili na timu imeshashinda unaitwa. Unaingia ukiwaza kitu kimoja tu, usiharibu. Kijana anayecheza ili asiharibu hajaribu kitu, na asipojaribu kocha atarekebisha nini?

Namba nne akipokea mpira pembeni ya mstari wa adhabu, mgongo ameupa ringi, ana muda mfupi mno wa kusoma mambo matatu. Mkono wa anayemkaba umelala upande gani wa kiuno. Mlinzi wa pili anatokea mstari wa nyuma au katikati. Kona ipi imeachwa wazi. Kusoma huko ndiko watu wanakoita ujuzi, na ubaoni hakuingii kichwani hata kocha amalize boksi zima la chaki. Mirongo nilikuwa naupata ujuzi huo kila jioni: zege lina mchanga, upepo wa ziwa unasukuma mpira, jamaa wa Igoma amekukandamiza nyonga na hakuna filimbi inayolia. Ilifika mahali mwili unageuka wenyewe kabla sijafikiri. Kule kwenye sakafu nzuri ya mbao nikaupoteza. Nendeni mwaloni mkauangalie mtumbwi uliopandishwa ufukweni ukaachwa msimu mzima juani, mbao zinakauka na kuachana, siku ukishushwa unaingiza maji hata kama ulikuwa mzima. Nilirudi Mwanza hivyo. Vijana niliowaacha wakijifunza leiapu, lile shuti la mwanzo la chini ya ringi, walikuwa wananipita, na mimi ndiye niliyetoka kwenye timu kubwa.

Yule wakala nina hasira naye mpaka leo, na sioni haya kusema. Asilimia yake aliichukua siku ya kusaini, kwa hiyo kazi yake iliishia siku hiyo. Mechi hakuja hata moja. Timu ndogo iliponitaka kwa mkopo, timu ambayo ningeanza kila wiki, simu yangu ikawa inaita mpaka inakata. Na hapa sikiliza vizuri, mkuu. Mchezaji akihama nchi kwa utaratibu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lazima shirikisho la nchi anayotoka litoe barua ya kibali, na sababu ambayo hiyo barua inazuiliwa kihalali ni kwamba bado ana mkataba na klabu yake. Maana yake ni kwamba misimu mitatu kwenye karatasi ni misimu mitatu ya kufungiwa. Wale wa klabu hawakuhitaji hata kunitumia. Walichohitaji ni kwamba nisiende kwa mwingine.

Utaniambia dogo ni mrefu, urefu haupotei. Tumuangalie mrefu wetu wa kikapu anayejulikana kuliko wote. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba 2 kwenye drafti ya NBA, ile siku timu za ligi kuu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Lakini pale Memphis nafasi ya senta, mrefu wa kati chini ya ringi, ilikuwa ya Marc Gasol. Mtu aliyechelewa kuanza, anayehitaji kucheza kuliko wengine wote, akawekwa nyuma ya mmoja wa masenta bora wa kizazi kile. Msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 3.1 kwa mechi. Februari 2011 wakamuuza Houston, ambako uwanjani aliingia mara chache mno. Watu wakasema hana kipaji. Mimi nasema dakika alizozihitaji hakuzipata, na nitabishana na yeyote humu.

Sasa mweke pembeni yake Giannis Antetokounmpo. 2013, namba 15, kijana mwembamba kutoka daraja la pili la Ugiriki. Akaangukia Milwaukee ambao msimu ule walishinda mechi 15 tu kati ya 82. Timu mbovu! Hawakuwa na cha kupoteza, wakamwacha acheze na akosee. Alimaliza na pointi 6.8 kwa mechi, hakuna aliyeshtuka. Mwaka 2019 na 2020 akawa mchezaji bora wa ligi, 2021 akachukua ubingwa. Pascal Siakam wa Cameroon naye, namba 27 mwaka 2016: alipopoteza nafasi Toronto, klabu yenyewe ikampeleka timu yao ya ligi ya chini, Raptors 905, akacheze. Akachukua ubingwa huko 2017 na kuwa mchezaji bora wa fainali. Mashuti yake ya pointi tatu yaliingia asilimia 22 msimu wa pili, wa tatu yakawa karibu 37, na 2019 akawa bingwa wa NBA. Klabu inayokutaka kweli inakutafutia pa kucheza hata kama ni kwa wadogo.

Umeandika kwamba dogo anaingiza mitupo ya adhabu saba kati ya kumi. Hiyo kwangu ni habari nzuri kuliko zile video za kudanki. Pale kwenye mstari hakuna anayemkaba, unaona mkono wenyewe ulivyo. Mrefu mwenye mkono wa namna hiyo akicheza dakika 25 kila mechi, shuti la mbali litakuja. Mwenye mkono huo huo akikaa benchi anarudi chini ya tano, nimeliona kwangu.

Viatu, anunue vyenye soli ngumu, zege linakula soli laini. Chakula, sato na ugali vipo, tuendelee.

Kesho mpigie huyo wakala, na mdogo wako akiwa anasikia. Mwulize nani anaanza namba nne na ana miaka mingapi. Mwulize jina la kocha atakayebaki na dogo uwanjani baada ya mazoezi ya timu, jina kabisa, siyo "benchi la ufundi". Kisha mwambie aandike ndani ya mkataba mambo mawili: dogo asipofikisha dakika za kucheza mtakazokubaliana hadi nusu ya msimu, anaenda kwa mkopo timu ambayo mwenyewe ameikubali; na msimu wa kwanza ukiisha, anaweza kuondoka bila kudaiwa. Ahadi ya simu msiipokee, hata akiapa. Akikataa kuandika, dogo abaki Mirongo acheze, ofa nyingine itakuja akiwa na miaka 20.

Majibu yake yaweke hapa hapa kwenye uzi kabla hamjashika kalamu. Nitakuwepo.