Utani wa Mwaloni ulivyonikosesha mteja

Mkuu, umeuliza: Mkenya wa kazini kwenu mnamcheka Kiswahili chake, siku hizi ananuna, je, hajui utani au ninyi mmezidisha? Mimi ningeuliza kwanza kama huwa anawarudishia.

Nimeuza kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, miaka tisa. Mama mmoja wa Kisumu tulikuwa tukimcheka "nipe chai" yake, naye anatujibu, "Nyinyi mnaomba chai na pesa mko nayo?" Kibanda kizima hoi, yeye akiwa wa kwanza kucheka. Hapo ngoma droo.

Mimi Mnyamwezi, Mgogo ni mtani wangu. Anaweza kuja msibani kwangu akalala kaburini mpaka apewe chochote, na hakuna wa kukasirika. Lakini utani huo tumeukuta wote wawili kwa babu zetu. Mgeni aliyekuja kununua mzigo wake arudi kwao hakurithi kitu hapo.

Sasa langu, ambalo hata nyumbani silisimulii. Nilikuwa na mteja wa Kigali. Nikimtania kwa kuchanganya "r" na "l", anamnyooshea kidole kuli wangu Msukuma: "Na huyu anayesema 'lafiki' je?" Tukazoeana, nikajiona nimeruhusiwa yote. Siku moja tunabishania bei, sangara wamenona kweli, nikaropoka, "Usilalamike bei, mliwalisha ninyi wenyewe." Makuli wakaangua kicheko.

Kwa vijana wasiojua: mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maiti kutoka Rwanda ziliteremka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Watu wakaogopa kula samaki. Mzaha ule haukuwa wangu hata, ulikuwa ukizunguka siku nyingi, na wala sikuwahi kufikiri kwamba mteja wangu yule anaweza kuwa na mtu wake mle majini.

Hakugomba. Alihesabu hela, akaniomba nihesabu tena mbele yake, akasimamia magunia yake yakipakiwa. Safari iliyofuata alinunua mzigo kwenye kibanda cha jirani, hatua kumi kutoka kwangu. Akipita ananisalimia vizuri tu, "Habari za kazi, mzee," haulizi bei. Mpaka naacha biashara ile sikumwomba radhi. Kila nikijiandaa naona makuli wamejaa, naahirisha.

Huyo wenu bado ananuna, maana yake hajawakatia tamaa. Mfuate wewe peke yako, si kundi zima, umuulize ni neno gani lilimkera. Na asipotaka kusema, usimlazimishe.