Kabla ya kupanda milima ya Vancouver mwezi wa Aprili, uliza usiku ulikuwaje

Dada mmoja wa Burnaby ameniandikia. Kikundi chao cha kanisani kinataka kupanda Mount Harvey, juu ya Lions Bay, Jumapili ijayo. Utabiri unasema jua kali, nyuzi 17. Je, hatari ya maporomoko ya theluji si imeshapita?

Haijapita, dada yangu. Hilo jua mnalolifurahia ndilo la kuogopa.

Mjini miti ya cheri imechanua, lakini ukipita mwinuko wa mita 1,000 bado unakanyaga theluji yenye kina cha mita kadhaa. Theluji ya pwani hii huletwa na dhoruba za Pasifiki: ni nzito, ina maji mengi, na joto lake haliko mbali na nyuzi sifuri. Haihitaji joto kubwa ili ilegee.

Kwa hiyo anza na usiku. Anga likiwa wazi bila mawingu, uso wa theluji hupoteza joto na kuganda, hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto hubaki na theluji haigandi. Asubuhi chimba kidogo kwa koleo. Ganda gumu la sentimita 10 au zaidi, linalokubeba bila kuvunjika, ni dalili njema. Ganda la sentimita 2 juu ya theluji rojorojo ni dalili ya kugeuza.

Ganda hilo nalo lina saa zake. Jua hupiga kwanza miteremko ya mashariki, kisha ya kusini, na alasiri ya magharibi. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Angalia kuzunguka miamba myeusi, maana hunyonya joto: vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe kutoka hapo, ondoka. Mguu ukizama hadi kifundo, ondoka. Ukizama zaidi, umeshachelewa. Poromoko la theluji iliyolowa maji huanzia mahali padogo sana, halafu hupanuka likishuka. Laweza kwenda polepole, lakini uzito wake hukusukuma hadi kwenye korongo au miti, na likisimama hukaza kama zege. Anzeni alfajiri, na saa tano asubuhi muwe mmeshatoka kwenye miteremko mikali.

Harvey ina hatari nyingine: upenu wa theluji unaojengwa na upepo ukingoni mwa kilele, ukaning'inia hewani. Ukiwa juu huuoni, unaona uwanja mweupe tu. Tarehe 8 Aprili 2017 upenu ulikatika hapohapo, na watu watano wakafa. Hukatikia nyuma zaidi ya unapodhani, kwa hiyo msisogee mbele ya mahali mnapoona mwamba au miti. Wala msipumzike chini yake.

Vifaa ni vya kila mtu, si vya kikundi: transiva ya kilohezi 457 (redio ndogo ya kuvaa mwilini, inayotuma mawimbi ili ukifukiwa upatikane, na inayotafuta ya wenzako), ufito wa angalau sentimita 240 wa kuchokolea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo la chuma. Simu ikae sentimita 20 mbali na transiva inayotuma, 50 inapotafuta. Utafiti wa 2011 uliolinganisha Kanada na Uswisi ulionyesha kwamba waliofukiwa Kanada hufa haraka zaidi, hasa kwenye theluji nzito ya pwani. Mna kama dakika 10 za kumfukua mtu. Helikopta haitawahi. Mwokoaji ni mwenzako, na awe amefanya mazoezi.

Someni taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotangaza hatari ya maporomoko ya theluji. Kati ya ngazi zake tano za hatari, ya 3 inasikika kama ya wastani, lakini wengi hufia hapo. Taarifa za kila siku husimama msimu unapokwisha. Theluji haisimami nazo. Mkipata ajali pigeni 911 mara moja. Waokoaji wa British Columbia wanajitolea, hawatozi hata senti, kwa hiyo msisite kwa kuogopa bili.

Kikundi chako hakina vifaa hivyo wala mafunzo. Jumapili nendeni Lighthouse Park, kando ya bahari. Harvey iwekeni mwezi wa Agosti.