Kabla hujanunua retingi, soma habari ya kiwanja cha mama

Kwenye leseni yangu ya urubani kuna mstari mmoja ulionigharimu kiwanja cha mama. Mstari wenyewe unasomeka A320, ile jeti ya Airbus. Sijawahi kubeba abiria hata mmoja kwa mstari huo.

Naandika haya kwa sababu haipiti wiki mbili tatu bila kupata ujumbe unaofanana na huu: "Shikamoo kaka. Nimemaliza CPL, nina masaa 210, kazi hakuna. Kuna chuo kinatoa retingi ya A320 kwa punguzo. Mzee yuko tayari kukopa. Nifanye?" Nikijibu kwa simu naonekana nakatisha watu tamaa. Basi niyaweke hapa yote, mtu asome akiwa ametulia, na ikibidi amsomee na huyo mzee.

Kwa wasio wa fani: CPL, yaani leseni ya rubani wa biashara, inakuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, ila haikuruhusu kuingia kwenye ndege kubwa yoyote na kuondoka nayo. Zile zinazorushwa na marubani wawili, kila aina ina mafunzo yake na mtihani wake, na ukifaulu aina hiyo inaandikwa kwenye leseni yako. Hiyo ndiyo retingi. Kuna mashirika yanayokuajiri kwanza halafu yanakulipia. Mengine yanataka uje nayo mkononi, na hapo ndipo mzigo unapowaangukia kijana na wazazi wake.

Mimi nilimaliza mafunzo 2015, na mapema 2016 nikafanya hesabu niliyoiona ya akili sana. Dar wakati ule kulikuwa na shirika la nauli nafuu lililokuwa likirusha A319. Retingi ya A319 na A320 ni moja, inaanzia A318 mpaka A321. Nikasema nikiwa nayo tayari nitakuwa nimewapunguzia gharama, watanichukua mimi wamwache mwingine. Hakuna mtu wa shirika lile aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikamwambia mama, na mama akamwambia mtu aliyekuwa anakitaka kiwanja chetu cha Kibaha.

Chuo kilikuwa Johannesburg, dola 19,000. Tangazo lao lilisema "kozi kamili". Kamili ya nini, sikuuliza. Tulikaa darasani mbele ya kompyuta wiki mbili, kisha tukaingia kwenye simuleta, mashine inayoigiza chumba cha rubani. Zamu moja ni saa nne: mbili unarusha wewe, mbili unamsaidia mwenzako. Zamu za bei nafuu ni zile za usiku wa manane, na sisi wa bei nafuu ndio tulikuwa wateja wake. Siwezi kusema sikujifunza. Injini ikizimika wakati umeshapita kasi ambayo bado ungeweza kufunga breki, na mwalimu yuko nyuma yako kimya anakuangalia, ndipo unajua kama ulisoma au ulikuwa unapitisha macho tu. Nilifaulu. Nikampigia mama, akapiga vigelegele.

Kesho yake ndipo nilipoelezwa habari ya mizunguko. Rubani ambaye hajawahi kurusha jeti haandikiwi retingi kwa simuleta peke yake. Lazima aipeleke ndege yenyewe, aruke na kutua, kwa kawaida mara sita. Sasa fikiria: ndege tupu isiyo na abiria wa kuilipia, inakunywa zaidi ya tani mbili za mafuta kwa saa, kuna ushuru wa kila kutua, kuna mwalimu, na ndege yenyewe lazima itolewe kwenye ratiba ya biashara ije iwahudumie wanafunzi wanne. Kwa upande wangu ilikuwa dola 8,000 nyingine kwa kazi isiyofika saa nzima. Mjomba akachanga, dada akakopa kwenye kikoba chake. Juu ya hapo weka viza, chumba, chakula, na ada za kuja kuandikiwa retingi nyumbani.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiona bei, usiulize kwanza kama kuna punguzo. Uliza kama mizunguko ya ndege halisi imo ndani, au itakuja kwa ankara yake. Uliza ada ya mtahini iko wapi. Uliza ukifeli zamu moja, kuirudia ni bei gani. Na kabla hujatuma hata senti, waandikie TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, au mamlaka ya nchi iliyokupa leseni, uwaulize kama wanakitambua chuo hicho, wakujibu kwa maandishi. Kuna watu wamerudi na cheti kizuri chenye mihuri ya dhahabu, wakakuta nyumbani hakiandikiki.

Nilirudi Dar nikaanza kutuma maombi. Hapa ndipo palinifundisha zaidi ya simuleta. Kila tangazo la kazi ya A320 nililolisoma, kuanzia Ghuba mpaka Vietnam, lilikuwa na mstari mmoja mdogo: masaa 500 kwenye aina, yaani kwenye ndege hiyohiyo. Hawakusema uwe na retingi. Walisema uwe na masaa, na masaa ya simuleta hawayahesabu humo. Yangu kwenye A320 yalikuwa hayajafika hata moja. Nikaelewa nimenunua nini: haki ya kuomba kazi ambayo sina sifa zake. Mwajiri ana njia mbili tu. Anataka mtu aliyekwisha iva kwenye ndege yake, na huyo ana masaa. Au anataka kijana wa kumpika mwenyewe kwa utaratibu wake, na huyo atampitisha kwenye mafunzo yake bila kujali alinunua nini Johannesburg. Sisi tuliojilipia tuko katikati, hatumfai yeyote kati yao.

Kabla mwaka ule haujaisha, lile shirika la Dar likatangaza kuachana na A319 na kuhamia Embraer. Halikunikosea kitu. Halikuwa hata linanijua.

Na retingi nayo ina tarehe. Ni miezi 12, kisha unarudi kwenye simuleta kupimwa upya, kwa gharama yako kama huna mwajiri. Nilihuisha mara moja, dola 1,800 ukiweka na nauli, pesa ya kukopa. Mara ya pili niliiacha ife. Siku ile tarehe ilipopita nilikuwa kwenye daladala Mwenge, nikaitazama simu, nikairudisha mfukoni.

Katikati ya hapo akatokea dalali. Wa namna hii hawajaisha, wamebadilisha namba tu. Alikuwa na kifurushi: masaa 500 ya A320 na shirika moja huko Asia, kiti cha kulia cha msaidizi wa kepteni, abiria halisi, dola 45,000. Yaani abiria amelipa nauli, na aliyekaa mbele akimrusha naye amelipa. Chama cha marubani wa Ulaya kimepiga kelele miaka mingi juu ya biashara hii, na sababu si wivu. Mtu aliyelipia kiti chake atamwambia nani kwamba amechoka, au kwamba kepteni anakosea? Halafu siku masaa yake 500 yakiisha, kiti kinapewa mteja mwingine. Nakiri nilitamani. Kilichoniokoa si busara, ni kwamba kiwanja kilikuwa kimoja.

Retingi ikiwa bado hai, nikapanda basi kwenda Arusha.

Pale uwanja mdogo wa Arusha nilifanya miezi mitano nikipima mizigo ya watalii. Kilo 15 kwa mtu, begi laini, na kila siku lazima awepo mmoja aliyekuja na sanduku gumu kama jeneza. Nilikuwa namiliki retingi ya jeti na nilikuwa nabeba masanduku ya watu. Lakini marubani waliniona, rubani mkuu aliniona, na siku kiti kilipopatikana hawakuhitaji kusoma wasifu wangu. Retingi ya Caravan, ndege ndogo ambayo nayo ina retingi yake, nililipia mwenyewe, dola 3,500, na hiyo siijutii hata kidogo. Tofauti ni kwamba kazi ilikuwa imeshatamkwa kabla pesa haijatoka, na ndege yenyewe ilikuwa imeegeshwa pale nje naiona.

Caravan ni injini moja na vumbi jingi. Seronera, ndani ya Serengeti, iko juu ya futi 5,000, adhuhuri hewa imekuwa nyepesi, ndege imejaa, na njia ya kurukia unaiona inaisha mapema kuliko ulivyopanga. Kogatende unapita kwanza chini chini kuwafukuza nyumbu, unazunguka, unarudi, wamesharudi na wao. Baada ya miaka miwili na kidogo nilikuwa na masaa zaidi ya 1,600, na mengi ni ya kuamua mwenyewe. Angalizo dogo hapa: ukianzia kiti cha kulia cha Caravan, uliza mapema masaa yako yataandikwaje kwenye logibuku, daftari lako la masaa, na kama mamlaka itayakubali, maana ndege ile inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja. Kuna rafiki yangu alipunguziwa masaa mengi mezani, mbele ya mwajiri.

Desemba 2018 nikiwa bado Arusha, simu zikaanza kuita mfululizo. Shangazi, mjomba, jirani wa Kibaha. "Mwanangu, Airbus yako imefika! Tumeiona kwenye taarifa ya habari!" Ilikuwa A220 ya kwanza ya Air Tanzania. Ikabidi nianze kueleza mmoja mmoja kwamba hii si ile. A220 ilizaliwa Canada kwa Bombardier, ikiitwa CSeries, na Airbus walikuja kuichukua mwaka huohuo wa 2018 wakaibadilisha jina. Retingi ya A320 haikuruhusu kuigusa. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa si ungesoma hiyo?" Sikuwa na jibu, na ukitazama vizuri alikuwa amesema jambo la maana. Nilinunua retingi ya ndege ambayo nyumbani ilikuwa mahali pamoja tu. Tazama vinavyoruka huku kwetu: Precision ni ATR, Jambojet ni Dash 8, Air Tanzania ina Dash 8, A220, 737 MAX na 787, Kenya Airways ina Embraer, 737 na 787. A320 ni ndege nzuri, ipo dunia nzima, lakini huko duniani unashindana na watu wenye masaa 3,000 juu yake.

Mwaka uliofuata niliitwa kwenye usaili wa ndege za viti 70. Rubani mkuu aliifungua leseni yangu, kidole kikasimama kwenye ule mstari.

"Hii ulifanya ya nini?"

Nikamweleza kwa ufupi. Akatikisa kichwa, akafungua ukurasa mwingine, akaniuliza nikipata hitilafu ya injini nimetoka tu Kogatende nitaipeleka ndege wapi. Tukaongea Serengeti nusu saa. Retingi ya ATR wakanilipia wao, kwa bondi ya miaka mitatu, yaani nikiondoka kabla nawarudishia gharama.

Bondi nayo uisome, usisaini kwa furaha. Deni linapungua kila mwezi, au linabaki lilelile mpaka siku ya mwisho? Kampuni ikikupunguza kazi yenyewe, bado unadaiwa? Ukifeli mafunzo je? Ni shilingi au dola? Mdhamini ni nani, na anajua kwamba ni mdhamini? Mwenzangu mmoja aligundua baba yake ndiye aliyewekwa, baada ya barua kufika nyumbani.

Sisemi kujilipia ni kosa kila mahali. Ryanair kwa miaka mingi ilijulikana kwa kuwatoza marubani wapya gharama ya retingi ya 737, lakini mafunzo hayo yalikuwa mlango wa kuingia kwenye viti vyake yenyewe. Southwest ya Marekani nayo ilitaka uje na retingi ya 737, ila waliokuwa wakiomba pale walikuwa watu wa masaa ya kutosha tayari. Na ninaye rafiki aliyeuza gari akalipia 737 yake, leo ni kepteni. Aliuza gari akiwa na barua ya ajira yenye jina lake, tarehe ya kuripoti, na sharti moja lililobaki. Barua, si ahadi ya mtu mnayejuana, wala si "wataajiri tu, ndege zinakuja".

Kama huna barua, hizo dola elfu ishirini zina kazi nyingine. Zinakuweka Arusha, au uwanja wa Wilson kule Nairobi, mwaka mzima unabisha hodi. Zinalipia medikali yako ya daraja la kwanza na kuhuisha kibali cha kurusha kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje, ambacho wengi huacha kife kisha wanakitafuta siku ya usaili. Zinalipia Caravan pale kiti kinapotajwa. Na zikibaki, mrudishie mzee.

Mwaka jana mama alikuja kupanda ndege yangu, Dar kwenda Bukoba. Nikamshika mkono kwenye ngazi, akasimama kidogo akaangalia mapanga ya injini.

"Ndiyo hii ya kiwanja?"

"Hapana mama. Hii ni nyingine."

"Ya kiwanja iko wapi?"

Nikamwambia tupande, abiria wako nyuma yetu.